Mkama Mmoja kwa Siku

Jamani, nimewasikia. Kila nikifungua simu nakuta mmoja wenu ameandika: "Leokadia, ulifika? Mbona kimya? Majina uliyapata?" Nilifika. Nimerudi pia, isipokuwa kiuno changu, ambacho nadhani kilibaki mahali fulani kati ya Nyakanazi na Benaco. Nitaeleza mara moja tu, kwa sababu nimechoka na subira yenyewe sikuwa nayo nyingi tangu zamani.

Kwa msiomjua vizuri Baba: ni mwalimu mstaafu, Mnyambo wa Kyerwa aliyehamia Morogoro kabla sijazaliwa. Maisha yake yote ameandika daftari moja, habari za Dola ya Bwengoro. Msiitafute kwenye vitabu vya shule, haimo. Ni dola ya zamani mno ya kule kwao, na waliokuwa na habari zake wengi wameshazikwa vibanjani, kwenye mashamba ya nyumbani, chini ya migomba. Wakama wake, maana mfalme wa kule ni mkama, walikuwa kumi na tisa. Daftari la Baba lina kumi na sita. Watatu wa mwisho anawajua mtu mmoja tu aliyebaki, dada yake, Shangazi Domitila, na hawa wawili hawajasemezana tangu kabla mimi sijabebwa mgongoni.

Sasa Baba figo zimechoka. Mimi ni muuguzi, miguu iliyovimba namna ile naijua bila kuambiwa na daktari. Siku moja aliniita kando ya kitanda akasema, "Mama, sitaki kufa na wakama watatu wamesimama nje." Nikaomba likizo ya siku kumi na mbili, nikamwacha na binti yangu Neema, nikaondoka. Humu nitamtaja mkama mmoja tu kwa jina. Tukifika Kyerwa mtaelewa sababu.

Morogoro hadi Benaco

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama fundi cherehani. Alinilalia begani tangu Dodoma, na alipoamka Singida akaniuliza kwa huruma kabisa kwa nini sijalala. Nzega tulikaa saa tatu kwa ajili ya tairi, Kahama nikalala kwenye chumba chenye mlango usiofunga, kesho yake nikapanda basi jingine ambalo lilikuwa zee kuliko la kwanza. Chakula sikumbuki. Nadhani nilikula mayai.

Nilichofanya ni kusoma daftari la Baba, ukurasa kwa ukurasa, herufi zikirukaruka. Anasema Bwengoro haikujengwa kwa mkuki. Mkama wa kwanza, Kashambya, hakuwa na jeshi la kutosha hata kuiba mbuzi. Alichofanya ni kutembea. Alibisha hodi nyumba ya kwanza, akapikiwa, akala, akashukuru. Tangu siku ile nyumba ile ikawa yake, na yeye akawa wa nyumba ile. Wakivamiwa anakuja, wakipatwa na njaa anawatafutia chakula, wakigombana anaamua. Kisha akaenda nyumba ya pili. Hakuwa na ikulu wala watoza kodi, alikuwa mgeni maisha yake yote, na wote waliomfuata wakawa hivyo hivyo. Wahunzi, kwa kuwa walijiona watu wa chuma, walimpikia juu ya jembe jipya lililogeuzwa kuwa kikaango, na jembe hilo halikulima tena. Mpaka wa dola haukuwa mto wala mlima, ulikuwa jiko la mwisho lililompikia mkama.

Aliyekataa kupika hakupigwa. Mkama alimshukuru kwa kivuli cha nyumba yake, akapita. Baba ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote, na mimi, nikiwa na njaa pale Nyakanazi, nilimwelewa.

Ihanda

Tulipofika Ihanda basi likafa. Mkanda wa injini ulikatika, na kondakta akatuambia ni dakika ishirini kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe haamini. Nikashusha begi langu, nikaketi kwenye ukingo wa kibanja cha mama mmoja aliyekuwa anaanua kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, maana alinizidi kidogo.

"Marahaba. Wewe wa wapi?" Nikamwambia Baba ni wa Kyerwa. Akafurahi, akaanza Kinyambo chake mbio, nami nikabaki namtazama mdomo. Akaelewa. "Kumbe Mnyambo wa makaratasi," akasema, akacheka peke yake muda mrefu. Alikuwa anaitwa Mama Verdiana. Alinipa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, akaniambia ningoje ndizi zilizokuwa zinakaribia kuiva motoni.

Nikamuuliza kuhusu Dola ya Bwengoro. Hajapata kuisikia. Akaniuliza kama ni dini mpya.

Baadaye basi likapiga honi. Nikainuka na begi. Mama Verdiana akanishika mkono, na hakunishika kwa mzaha.

"Chungu kiko motoni. Unaondokaje chungu kikiwa motoni?"

"Mama, basi linaondoka."

"Liondoke. Basi si mtu."

Nilijaribu. Nilimweleza kuhusu Baba, kuhusu likizo, kuhusu siku nilizokwisha poteza. Alinisikiliza vizuri kabisa huku bado ameshika mkono wangu. Hakukasirika, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na kitu kama aibu, kwamba mtu wa Kyerwa anaweza kuondoka hivyo mlangoni kwake. Nikaketi. Basi likaenda. Tukala ndizi na maharage juu ya jani la mgomba, na zilikuwa tamu, lakini nilizila kwa hasira, ninasema ukweli. Ni baada ya kunawa mikono ndipo nilipokumbuka daftari la Baba, nikamtazama upya yule mama ambaye hajui jina la dola hata moja.

Igurwa na Nyakasimbi

Shemeji yake Mama Verdiana, Mzee Elias, ana bodaboda. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa la Kilutheri, na anaendesha kama anayebeba mayai ya askofu. Niliyemtaka ni kijana mwenye wazimu kidogo. Nikapata Mzee Elias, ambaye hampiti mtu bila kusimama, kuzima pikipiki, kuvua kofia ngumu na kuuliza habari za wazazi, watoto, ng'ombe na mvua.

Igurwa tulinyeshewa. Mvua ile haikuanza kidogo kidogo, ilimwagwa. Tulijibanza kwenye upenu wa nyumba moja mpaka nguo zikanikaukia mwilini, Mzee Elias akinifundisha wimbo wa kanisani ambao sikuuomba.

Nyakasimbi nilifanya ujinga. Daftari linasema mkama wa nne aliwahi kulala mwezi mzima kwenye kilima kimoja maeneo yale, kwa sababu kila nyumba ilitaka zamu. Nikawakuta watu wanapalilia, nikatoa daftari na kalamu, nikauliza kilima kiko wapi, kibanja hiki mwisho wake wapi, na hapa zamani palikuwa pa nani. Nilijiona msomi. Majembe yakasimama. Mama mmoja akawaita watoto wake waingie ndani. Mwanamume mmoja mtu mzima, kibarua, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kirundi, akanisogelea na kofia mkononi.

"Mama, mmekuja kutupima?"

"Kuwapima nini?"

"Ardhi. Au kutuhesabu, nani wa hapa na nani siyo wa hapa." Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu ndiye alikuja."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikafunga daftari, nikamweleza kuhusu wakama na Baba. Akafikiri, kisha akauliza, kwa hiyo zamani hizo mtu aliyetoka ng'ambo akapika, alihesabiwa wa hapa? Nikamwambia daftari linasema ndiyo, siku hiyo hiyo. Akasema hiyo ilikuwa serikali nzuri, akarudi kulima. Mzee Elias hakunisemesha mpaka Nkwenda, na safari hii nilimshukuru.

Kyerwa, jikoni kwa Shangazi

Shangazi Domitila hakunikumbatia. Nilipopiga magoti kumwamkia alinitazama paji la uso, akasema, "Una kichwa cha kaka yangu," na haikuwa sifa. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka themanini na zaidi, anavuta mguu mmoja, na nyumba yake imezungukwa na migomba mpaka huoni jua. Mzee Elias alipewa kitanda kwa kuwa njia imekuwa tope. Mimi nilipewa kisu cha kumenyea ndizi. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, mimi sikupewa hata siku ile ya kwanza ya kupumzika.

Kesho yake asubuhi nikamweleza shida yangu. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Wakama husemwa mmoja kwa siku," akasema. "Ukimtaja, umemwita. Anayesikia ndiye mwenyeji: anampikia, anamlisha, jioni anamsindikiza. Kesho anakuja mwingine. Nyumba moja haiwezi kuwa na wakama wawili siku moja, watakaa wapi? Na wanakuja kwa mpangilio. Huruki."

"Kwa hiyo wa kumi na saba…"

"Utamsikia siku ya kumi na saba."

Nilikuwa nimebakiwa na siku nane za likizo, na tatu kati yake ni za njiani. Nikamwambia Baba hana siku kumi na tisa. Akasema wakama hawakuwahi kuulizwa habari za likizo. Hapo, rafiki zangu, uchovu wote wa barabara ulinipanda kichwani. Kiuno kinauma, nguo zinanuka mvua, Baba anakufa, na bibi mmoja ananiwekea ratiba ya mizimu. Nikasema kumi na sita ninawajua, usinipotezee muda, nikawataja wote kwa pumzi moja, pale pale jikoni, kama mtoto anayesema jedwali la kuzidisha.

Shangazi akaweka kisu chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Sasa tuanze na wa kumi na saba."

"Umewaita, na mimi nimewasikia," akasema polepole. "Nyumba hii sasa ina wageni kumi na sita, na mimi nina mkungu mmoja na maharage ya watu watatu."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kisha nikaona anatazama mlango kama mtu aliyefumaniwa na wakwe, ndani hamna kitu. Sijawahi kuona haya ya namna ile kwenye uso wa mtu mzima, nami ndiye niliyeileta.

Kuwalisha

Tulimenya tangu saa nne asubuhi. Mzee Elias alikata mikungu mitatu na kuibeba, mimi nikamenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, majirani wakaletewa habari wakaja na maharage, mboga na chumvi. Hakuna aliyeshangaa sana. Mmoja alimuuliza Shangazi, "Ni nani kawaita wote?" akaonyeshwa mimi kwa kidevu, akasema, "Ah," akaendelea kuosha sufuria.

Mkama asiyeonekana hulishwa kupitia mtu. Kwa hiyo majirani kumi na watano pamoja na Mzee Elias waliketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, kila mmoja na nafasi ya mkama wake, na Shangazi akawahudumia mmoja mmoja akieleza habari zake. Yule wa tano hapewi maharage, maana aliwahi kuahidi hivyo kwa mjane aliyekuwa na konzi moja tu. Yule wa nane alikuwa mwanamke, anaketi akitazama mlango kwa sababu mume wake aliondoka akasema atarudi. Wa kumi na moja alitawala msimu mmoja wa kahawa, hupewa kidogo lakini hupewa kwanza. Mzee Elias alikaliwa na yule aliyetembea kuliko wote, akala kwa wote.

Nilisikia kwa siku moja tu habari ambazo Baba hakuwa nazo kwenye daftari zima. Kalamu ilikuwa begini na sikuifuata. Nilikuwa nimesimama na bakuli la kunawia, nikizunguka, mgongo unawaka, na nilijisikia vibaya sana.

Walipokwisha kusindikizwa mpaka mwisho wa kibanja, Shangazi aliketi kizingitini, akaniambia kilichotokea zamani. Babu aliwafundisha yeye na Baba pamoja, mkama mmoja kwa siku. Siku ya kumi na saba babu alikwisha pika. Baba asubuhi hiyo alipata lori la kumpeleka chuo cha ualimu, akapanda bila kuaga.

"Baba yetu alikaa na chakula mpaka kikapoa," akasema. "Akasema, mwanangu amemwacha mkama mlangoni. Nilimsikia mkama huyo mimi peke yangu, na wawili waliofuata. Sikumkasirikia kaka kwa kusoma. Asome. Lakini chungu kilikuwa motoni."

Nikamwomba anipe mimi hayo majina matatu nimpelekee. Akakataa. Mkama habebwi mfukoni, akasema, na hakuna anayesikia kwa niaba ya mwenzake. Nikauliza, na simu? Akaitazama simu yangu.

"Hiyo simu inamfikia yeye mwenyewe sikioni?"

"Inamfikia."

"Na kwake wanapika?"

"Neema anapika."

Simu

Kwa Shangazi mtandao unapatikana pembeni mwa jiko, juu ya kinu kilichopinduliwa, tena ukisogea kidogo unaangukia Rwanda. Kesho yake nikapiga, nikamwambia Neema aweke ndizi motoni, nikamkabidhi Shangazi simu na kutolewa nje. Nilisimama kwenye mibuni. Sikusikia jina. Nilisikia tu Shangazi anasema "Kaka," kisha akalia, na nadhani huko nako mtu alikuwa analia.

Jioni Neema akaniambia babu yake amekula, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa wiki. Sehemu ya mgeni alipewa fundi bomba aliyekuja kwa jirani. Siku ya pili vivyo hivyo, wa kumi na nane.

Siku ya tatu nikiwa mibunini nikamsikia Shangazi anauliza, "Hujapika?" Akasikiliza jibu. "Haya," akasema. "Nitamwambia aje kesho." Halafu wakazungumza karibu saa nzima habari za ng'ombe wao aliyetumbukia shimoni wakiwa wadogo, wakibishana alikuwa mwekundu au wa madoa.

Siku ya nne: hujapika? Haya, kesho.

Nikachukua simu kwa ukali, nikamuuliza Neema kwa nini hapiki. Akasema, "Mama, ndizi zipo. Kila nikitaka kuziweka Babu ananikataza." Ilinichukua muda, mimi mwenye miaka ishirini na sita ya uuguzi, kuelewa kwamba wa kumi na tisa akishakula, Baba hana tena anayemngoja. Shangazi alikuwa ameelewa tangu siku ile ya tatu.

Kurudi

Gari la kwenda Kayanga lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa Rwanda na kujirudisha nyuma saa nzima bila kuniuliza, nikafika stendi nikijisifu nimewahi, nikakuta matope na mbuzi. Nikarudi kwa Shangazi kwa siku moja zaidi. Hakunisema. Alinipa kisu.

Barabara ya kurudi sitaisimulia. Ni ile ile, ila kiti kilikuwa juu ya tairi.

Nimemkuta Baba amekonda lakini ana maneno. Kila asubuhi simu inalia, dada yake anauliza kwa simu ya jirani, naye anajibu, "Leo sijapika." Kisha wanagombana habari za ng'ombe, miti, nani alivunja mtungi wa nani. Wiki tatu sasa. Mmeniuliza kama daftari limekamilika. Lina kumi na sita vilevile, maana wale wawili amekataa kuwaandika, na mimi simuulizi.

Leo asubuhi simu ilipolia hakujibu mara moja. Aliniita kwanza. Akaniambia, "Mama, weka ndizi." Nikamuuliza Baba, una hakika, kesho haifai? Akasema nisimfanye mkama asimame tena, amesimama miaka mingi.

Shangazi yuko kwenye kinu chake, anangoja tumpigie. Mimi niko jikoni. Nilianza kumenya, nikaacha ili niwaandikie ninyi haya yote, ambayo yangeweza kungoja. Zimebaki ndizi nne, na sijawahi kumenya taratibu hivi maishani mwangu.